Supu ya Ghorofa ya Chini

Jumapili, 4 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini umefika salama na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuachia. Mimi sijambo, ni magoti tu yanayonisuta kila nikiinuka, na hayo ni ya umri, hayana dawa. Chiriku wetu mzima wa afya.

Barua hii nampa dereva wa lori lenu la vipuri, kama tulivyokubaliana. Simu tuiache kwanza. Juzi aliposikia sauti yako alilia mpaka akapaliwa, nami nimesimama pale na simu mkononi sijui niikate au nilie naye. Mtoto wa miaka mitano haelewi kwa nini mama yumo ndani ya simu na hatoki. Barua ina adabu zaidi.

Sasa nikuulize, maana kuuliza si ujinga. Kwenye begi lake nimekuta nguo, mswaki, yule mdoli asiye na mguu, na chini kabisa maboksi matano ya chakula kilichogandishwa, umeyafunga kwa magazeti kama mali ya magendo. Mkwe wangu! Mimi niliyepika hospitali miaka yote ile, kwenye masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani yake! Wagonjwa waligombana na daktari, wakagombana na muuguzi, lakini supu yangu wakanywa. Leo mjukuu anakuja kwangu na akiba ya chakula? Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Friza mwenyewe unajua sina. Nimempa yule kinyozi wa mlango wa pili, kapera, friza anayo na wa kumpikia hana. Alivyofurahi ungedhani nimemposea mke.

Wewe soma hizo lifti zako. Urudi na cheti, wakupe usimamizi, uache kuingia kwenye mashimo ya lifti na kurudi nyumbani mtoto amechoka kukungoja. Ndiyo maana umekwenda. Huyu niachie mimi.

Mama mkwe wako


Alhamisi, 8 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Magoti yapake mafuta ya moto kabla ya kulala, usiyaachie tu. Chiriku anaongeaje huko? Amekuchosha masikio?

Barua yako nimeisomea bwenini nikacheka peke yangu, wenzangu wakaniuliza nimeletewa nini. Huku tunafunguliwa lifti nzima kama kuku wa kuchinjwa: mota huku, breki huku, kamba za chuma tunazichunguza kwa vidole, uzi mmoja mmoja. Mkufunzi ni mkali. Anasema lifti haina "karibu sawa". Mimi ni mwanamke peke yangu, wamenibandika jina la Mama Nati, na siku ya kwanza walinishikisha tochi tu. Sasa wananishikisha spana.

Yale maboksi, Mama, naomba usidhani nilikudharau. Sikufichi, siku nyingi ndicho anachokula. Nikitoka kazini nina dakika chache kabla hajasinzia mezani, na nguvu ya kukatakata vitunguu sina. Niliweka kwa tahadhari tu. Kwako ataona raha, maana si mtoto wa tabu, sahani yake humaliza mpaka anaikomba kwa kidole.

Nieleze anakula nini na analala saa ngapi. Nieleze vitu vidogo vidogo.

Mkweo


Jumanne, 13 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Natumaini hujambo. Mimi nipo.

Nilitaka kuandika mambo mengine, lakini nikiyaandika nitakuwa nazungukazunguka. Mtoto hali.

Anakunywa maziwa. Ndizi anakula, na mkate mkavu akiona simwangalii. Lakini chakula cha kukaa mezani hakigusi. Nimepika supu ya kuku, ile yenyewe, niliyoichemsha polepole tangu asubuhi mpaka jirani wa juu akaja kuuliza kuna sherehe gani. Chiriku alichungulia bakuli, akaonja kijiko kimoja, akakirudisha taratibu kama mtu mzima anayekataa kwa heshima. Akasema, "Bibi, hiki sio." Kesho yake wali na maharage. "Hiki sio." Viazi vya kuponda. "Hiki sio." Nikamuuliza, basi ni kipi, mama? Akanyamaza. Chiriku, kunyamaza! Jina tulimpa kwa sababu ya ule mdomo, sasa nyumba kimya mpaka nasikia bomba la jirani likidondoka.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mtu akikataa supu yangu, mimi naogopa. Mwanangu alipokuwa amelazwa nilimletea kila siku, na akawa anakunywa, hata kwa mrija akawa anakunywa. Siku aliyosema "Mama, leo basi" nilijua. Tukamzika wiki hiyo hiyo. Sasa mtoto wake anarudisha kijiko kwenye bakuli langu kwa mkono ule ule, na kichwa anakiinamisha vile vile. Sijalala vizuri.

Niambie unampikia nini. Unaweka kiungo gani? Unakaanga kitunguu au unakichemsha? Usinionee haya wala usinifichie. Mpishi hana aibu ya kuuliza.

Mama mkwe wako


Alhamisi, 15 Februari

Shikamoo Mama,

Pole, pole sana. Nimesoma nikiwa nimesimama mlangoni, dereva bado hajaondoka, nimemwomba asubiri nikujibu papo hapo.

Mama, sina kiungo. Chakula anachokitaka ni kile cha boksi ulichompa kinyozi. Boksi lenye picha ya kuku na karoti. Kachukue kilichobaki, tafadhali, hata kama ni boksi moja.

Na kama hilo nalo atalikataa, narudi. Kiti cha mbele cha lori kitakuwa wazi Jumamosi ya tarehe 24, nimemwambia dereva aniwekee. Mkufunzi nimemwuliza kwa mbali, kasema anayetoka ndio basi, kiti chake anapewa mwingine. Basi apewe. Cheti hakinitoi kwenye mashimo kama mwanangu anakonda. Nilishapoteza mmoja nikiwa nimeambiwa nivumilie.

Mkweo


Jumamosi, 17 Februari

Mkwe wangu,

Salamu. Nitasema ukweli, barua yako iliniudhi. Niliisoma, nikaiweka chini ya kopo la sukari, nikaosha vyombo visafi. Mimi na boksi! Boksi limenishinda mimi! Nikawaza, afadhali ungeniambia anataka mawe.

Halafu hasira zikapoa, nikaanza kujiuliza: kuna nini humo ndani? Nikavaa kanga yangu nikaenda kwa kinyozi. Nimemkuta katikati ya kichwa cha mtu. Kasema maboksi manne ameshayala, na lile la kuku lina kuku kidogo sana, kwamba kuku alipita tu kusalimia. Moja limebaki, nalo ni la kuku. Nikamwambia nirudishie. Akasema alilokwisha kupewa ni lake. Tumebishana mbele ya mteja mwenye nusu kichwa, mpaka mteja ndiye aliyetuamua: boksi nichukue, kinyozi apelekewe bakuli la supu. Kumbe alikuwa anaitamani tangu ile siku iliponukia! Alipoinywa alifumba macho. Kwa hiyo ladha yangu bado ipo, nilikuwa nimeanza kuitilia shaka.

Nimelikalisha lile boksi mezani nikalichunguza. Karoti zimekatwa mraba, zote sawasawa, sijui ni mashine au ni mtu asiye na haraka. Mchuzi mzito, wa unga. Chumvi ni nyingi kuliko inavyotakiwa. Nilionja kwa ncha ya kijiko, na nikwambie nini, si kibaya. Si kizuri, lakini si kibaya. Ni chakula kisichokuuliza chochote.

Nikakipasha kwa mvuke juu ya sufuria, nikamwekea kwenye sahani. Niliondoka jikoni ili asione nilivyokuwa na hamu. Nikarudi, nimemkuta anakitazama, machozi yanamtoka bila sauti. "Bibi, hiki nacho sio."

Sasa hapo mkwe wangu mimi sielewi. Boksi ni lile lile, kuku ni yule yule aliyepita kusalimia. Kama si chakula, ni nini? Mimi nimelisha watu maisha yangu yote na jambo hili silijui, na nataka kulijua kabla sijafa. Nieleze unavyofanya. Anza unapofungua mlango mpaka anapokomba sahani. Usiache kitu, hata kile unachokiona cha kipuuzi. Hasa hicho.

Mama mkwe wako


Jumatatu, 19 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo mwilini. Nimeandika barua hii mara mbili nikaichana, kwa sababu ya hicho cha kipuuzi ulichokiomba.

Nikifika navua viatu mlangoni, vina grisi. Yule dada anayeshinda naye anaaga. Chiriku anavuta stuli mpaka mbele ya maikrowevu, maana hiyo ni kazi yake, mimi haniruhusu. Natoboa karatasi ya juu, naweka ndani, naandika dakika tano. Halafu tunazima taa ya jikoni. Ndani ya ile mashine kuna taa ndogo, na sahani inazunguka. Tunabandika vipaji vya uso kwenye kioo, mimi nimepiga magoti, yeye juu ya stuli, tunatazama namba zinavyoshuka.

Kwa Chiriku, Mama, ile ni lifti. Ni kosa langu, nilimwambia siku moja kwamba mama anatengeneza visanduku vyenye taa, vinashuka, na namba zinawaka. Akaenda moja kwa moja kwenye maikrowevu akasema, "Kama hiki!" Nikamjibu ndiyo, nilikuwa nimechoka. Tangu siku hiyo tunashuka kila jioni. Namba alijifunzia hapo hapo.

Mimi nauliza, "Ghorofa ya ngapi?" Yeye anajibu. Kila ghorofa anaingia mtu, na anayeingia lazima aseme habari ya siku. Ya tano anaingia yeye mwenyewe na mdoli, wananiambia nani kampiga nani. Ya nne anaingia yeyote, mwalimu, paka, muuza mayai. Anaongea yeye kwa sauti za wote, ndipo utajua jina lake halikukosewa.

Ya tatu anaingia baba yake.

Unakumbuka wodi ilikuwa ghorofa ya tatu. Alipopelekwa kumwona tulipanda lifti, na wakati wa kuondoka mwanao alimwinulia mkono kutoka kitandani. Sikumfundisha mimi. Siku moja tu tulipofika ya tatu alisogea pembeni kwenye stuli, akasema, "Mama, mpishe, baba anaingia." Nilitaka kumkatalia. Nilifikiri ni vibaya, nilifikiri watu wataniambia namfundisha mtoto kuongea na wafu. Lakini alikuwa amefurahi, Mama, nami nikasogea. Huwa hasemi mengi. Anamuuliza Chiriku kama amekula, Chiriku anamwambia "twende basi, chini kuna chakula."

Na chini kabisa, usicheke, ni jiko lako. Mwanao alimwambia siku ile ile kwamba Bibi alikuwa akipika ghorofa ya chini ya hospitali hiyo, na supu ilikuwa inapanda kwa lifti ikiwa moto. Kwa hiyo kengele ikilia, mimi napaza sauti, "Mlango unafunguka!", natoa boksi, na yeye anasema, "Asante Bibi." Kila siku anakushukuru wewe kwa chakula cha boksi. Nilikuwa naona haya kukwambia.

Hayo ndiyo yote. Kiungo sikijui. Nafasi kwenye lori bado nimeishika, begi nimeshalifunga. Ukiniambia bado hali, Jumamosi utaniona.

Mkweo


Alhamisi, 22 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Keti usome, usisome umesimama mlangoni.

Barua yako nimeilia. Nilijifungia chooni nikalia huko, halafu nikanawa uso nikatoka nikaanza kumenya viazi, kwa sababu swali lilikuwa limeshapata jibu na mimi nisingeweza kukaa.

Maikrowevu sina, hilo unalijua. Nikafikiri nimwendee kinyozi, naye hana. Nikatoa lile sufuria langu dogo lenye mfuniko wa kioo, nikaweka supu. Jua lilikuwa linazama. Nikazima taa, ukabaki moto wa jiko tu. Nikavuta stuli. Nikamwita Chiriku, nikamwambia, "Njoo, nina sufuria hapa linataka kushuka."

Akaja anakokota miguu. Akanitazama, akalitazama sufuria. Mimi magoti haya, nikayapiga chini kwa nguvu, nikauliza, "Ghorofa ya ngapi?"

Akamkumbatia mdoli wake tu. Nikasema basi, nimelikoroga. Nikauliza tena, na kwa woga nikakosea, nikasema, "Ya kwanza, ya pili..."

"Bibi!" Alipandisha sauti mpaka nikashtuka. "Lifti hiyo haipandi! Inashuka! Unaanza ya tano!"

Basi ndiyo hapo mdomo ulipofunguka, na mpaka sasa ninapoandika haujafungwa. Nimeambiwa habari za tangu ulipoondoka, zote, na mdoli naye amechangia. Ya nne aliingia kinyozi. Alisema habari yake ya siku ni kwamba ananyoa watu nusu. Nilicheka nikasahau tulikuwa tunakwenda wapi.

Halafu akasema, "Ya tatu. Bibi, mpishe."

Nikasogea, mwanangu. Pale chini, gizani, mimi mtu mzima, nikasogea upande nikaacha nafasi. Sikuona kitu, nisikudanganye. Mvuke tu kwenye mfuniko. Lakini tangu tumzike, sijawahi kuachia nafasi yoyote. Nilikuwa nimeifunga kila mahali. Nikamuuliza Chiriku, baba anasemaje? Akatega sikio, akaniambia, "Anasema inanukia kama ile yenyewe."

Nililia mbele yake, basi. Akanifuta kwa nguo ya mdoli.

Supu ilipochemka nikagonga mfuniko kwa upawa, ngaaa, nikapaza sauti kama ulivyosema. Akala bakuli zima, akaongezwa, akakomba kwa kidole. Jana amekula. Leo asubuhi ametaka lifti ya uji, nikamwambia uji hauna ghorofa nyingi, ni mbili tu, akakubali. Kwa hiyo ni supu yangu ile ile, na pengine hata mawe angekula kama yangeshushwa vizuri. Nilidhani kazi yangu hospitali ilikuwa kupika. Kumbe wale wagonjwa walikuwa wanasikia lifti inakuja.

Sasa suala lako la Jumamosi. Jana tukiwa ya pili nilimuuliza, na mama je, anaingia ghorofa gani? Nilitaka kujua kama ana uchungu nawe. Alinishangaa kana kwamba sijui kitu. Akasema, "Mama haingii. Mama yuko juu ya paa la lifti, ameshika kamba, ndiyo maana hatuanguki."

Kwa hiyo fikiri mwenyewe. Humu ndani tuko mimi na magoti yangu, mtoto, mdoli, kinyozi, na mwanangu. Ukiiachia hiyo kamba, nani ataishika?

Na yale maboksi, ukirudi usiyaache. Siku za uchovu zipo, na chumvi tutaipunguza kwa maji.

Mama yako


Jumamosi, 24 Februari

Shikamoo Mama,

Ninaandikia kwenye boneti ya lori, dereva ananiangalia anataka jibu. Begi nimelirudisha bwenini, nimeshalifungua. Leo tuna mtihani wa breki.

Kiti nilichoshikiwa mbele kimekaliwa na boksi la maikrowevu, ya zamani ya jiko letu la chuo. Walitaka kuitupa, nimeitengeneza mwenyewe, taa inawaka na namba zinashuka. Msichemshie uji humo, utamwagika.

Jioni mkifika ya tatu, mwambie nimesalimu. Na Chiriku mwambie nimeshika, kwa mikono miwili.

Mwanao